Bosi Alikuja Kula

Mbwa wa mtaa wetu wa Pasiansi wa miaka ya tisini walinenepa kwa samaki. Viwanda vya sangara pale Mwanza vilikuwa vimeshika kasi, minofu ikipaa kwenda Ulaya, na kilichobaki, vichwa na miiba ya mgongo, ndicho kilikuwa kitoweo chetu. Tulikiita mapanki. Yaliletwa kwa baiskeli, yakakaangwa kando ya barabara iendayo uwanja wa ndege, na penye kikaango hapakosi mbwa waliolala ubavu, jicho moja likiufuata mkono wa mama anayegeuza. Madege ya mizigo yalinguruma juu yetu yakiwa na minofu tumboni. Watu wa nje walikuja kutushangaa baadaye, kwa filamu ya mwaka 2004, na Serikali ikakasirika. Mbwa walikuwa wameridhika tangu zamani.

Upande mmoja tulikuwa na ziwa, ambalo miaka ile lilikuwa limevamiwa na magugu maji hadi mitumbwi ikawa inasukumwa kama mikokoteni shambani. Upande wa pili mawe. Asiyeijua Mwanza ajue kwamba mawe yetu si ya kukwaa kidole. Ni makubwa kuliko nyumba, yamepandana, na katikati yake kuna mianya ambamo pimbi huzaa na mijusi wenye vichwa vyekundu hushinda wakitingisha shingo. Pale pale mtaani kuna chuo cha wanyamapori kilichoanzishwa mwaka 1966, kinachofundisha askari wa mapori ya akiba na hifadhi. Alfajiri tuliamshwa na wanafunzi wake wakikimbia mchakamchaka, na hapakuwa na haja ya saa ya ukutani.

Babu alikuwa amepita chuoni hapo ujanani. Hakuwa babu wa damu kwa yeyote kati yetu, lakini mtaa mzima, wakubwa kwa watoto, ulimwita hivyo. Alikuwa askari wa wanyamapori mstaafu, mwembamba, mtu wa maneno machache na ugoro mwingi, na aliishi peke yake na mbuzi wachache nyuma ya nyumba za kupanga. Alikuwa pia na mbwa, Bosi, mbwa koko wa rangi ya mchanga aliyepungukiwa nusu ya sikio.

Kilichotuchekesha ni kwamba Babu hakuwapenda mbwa hata kidogo. Kazini alikuwa amewafahamu kama vyombo vya majangili. Upande wa magharibi wa Serengeti watu waliwinda na mbwa, na askari akisikia kubweka porini alijua kuna mtu nyuma ya mbwa huyo. Halafu ukaja mwaka 1994, ugonjwa wa virusi vya mbwa ukaingia kwa simba wa Serengeti, na karibu theluthi moja ya simba wote pale wakafa kwa miezi michache, wakitetemeka na kuanguka kifafa. Watafiti waliuhusisha na mbwa wa vijiji vinavyozunguka hifadhi. Babu alikuwa ameshastaafu, lakini habari zilimfikia, na alizisimulia kwa uchungu wa mtu aliyefiwa. “Simba mzima,” alisema, “anauawa na mate ya kitu kama hiki,” na kumwonyesha Bosi kwa fimbo. Bosi alitikisa mkia.

Tukimuuliza mbona basi anamfuga, alijibu kwamba yeye hamfugi. Mbwa ndiye anayekuja. “Mbwa hana mapenzi, mjukuu wangu. Ana ratiba.”

Na kweli walikuwa na ratiba. Kila jioni, jua likielekea kuzama, Babu alishuka hadi kwenye kikaango cha mama mmoja ambaye nitamwita Mama Mapanki, kama tulivyomwita sote. Alitangulia yeye, Bosi hatua kadhaa nyuma, hawaongei, hawagusani. “Mwadila, Babu,” Mama Mapanki alimwamkia kwa Kisukuma, naye akaitikia, akakaa juu ya jiwe lake, akanunua kipande, akala nyama ya shavuni na kichwa akakirusha nyuma bila kugeuka. Bosi alikidaka. Mtu angeweza kurekebisha saa kwa wawili hao.

Tukio ninalotaka kulisimulia lilikuwa kiangazi cha mwaka 1997. Meli ya MV Bukoba ilikuwa imezama mwaka mmoja nyuma, tarehe 21 Mei 1996, karibu kabisa na kwetu, ng’ambo ya Bwiru. Watu wazima wa mtaani walikuwa wamekwenda ufukweni siku ile, na waliporudi walikuwa na jambo moja ambalo hawakutaka kulisema mbele ya watoto, ila tulilisikia hivyo hivyo: kwamba meli ilipokuwa imepinduka na tumbo lake bado liko juu ya maji, walionusurika waliwasikia wenzao waliobaki ndani wakigonga chuma. Sidhani kama unaweza kuuelewa mtaa wetu wa mwaka uliofuata bila kulijua hilo. Masikio yalikuwa mepesi. Mtoto akichelewa kisimani, wanawake watatu walisimama mlangoni.

Jioni hiyo nilikuwa nimetumwa mapanki. Nilikuwa na sahani ya bati na sarafu mkononi, nasubiri zamu, Bosi alipotokea peke yake.

Alikuja mbio, ulimi nje, kifua chote vumbi, mguu mmoja wa mbele unatoka damu kwenye ukucha. Vijana waliokuwa wakicheza drafti wakaruka. “Kichaa! Ana kichaa huyo!” na mara moja kila mkono ulikuwa na jiwe. Siwalaumu. Kichaa cha mbwa tulikijua. Ugonjwa huo ukishamuonyesha mtu dalili hauna dawa, na mtaani tulifundishwa kwamba mbwa anayekuja mbio bila mwenyewe hapewi nafasi ya kujieleza.

Mama Mapanki hakuinuka. Alinyoosha ule uma wake mrefu wa kugeuzia kama askari wa barabarani. “Acheni. Huyo ni Bosi. Babu yuko wapi?”

Hakuna aliyejibu, kwa sababu hakuna aliyekuwa amejiuliza.

Akachukua kichwa kilichopoa, akakirusha. Na hapa naomba nisimame, maana ndipo hadithi zinapoachana. Mama Mapanki alisimulia hadi uzeeni kwamba Bosi hakukigusa. Mimi nilikuwa karibu kiasi cha kusikia mfupa ukivunjika. Alikula. Alikula chote, pamoja na macho, akaramba mchanga uliopata mafuta. Kisha akaenda kwenye jiwe la Babu, akalinusa pande zote, akarudi, akasimama. Mbwa wengine wote walikuwa wamelala. Hakubweka. Hakumvuta mtu nguo. Alisimama tu katikati ya njia, akihema, mahali ambapo angekuwa kero kwa baiskeli yoyote inayopita.

Nikatumwa nyumbani kwa Babu. Kufuli liko mlangoni, mbuzi wanalia, panga halipo mahali pake ukutani. Niliporudi na habari hizo, Mama Mapanki akafunika mafuta, na mmoja wa wale vijana akaenda kumwita kamanda.

Nazungumzia kamanda wa sungusungu. Jeshi hilo la jadi lilianza usukumani na unyamwezini mwanzoni mwa miaka ya themanini, watu walipochoka kuibiwa ng’ombe, na kufikia wakati wetu lilikuwa limeingia hadi mitaa ya mjini, na zamu za usiku, filimbi na faini. Sheria yake kubwa ni ya kale kuliko jeshi lenyewe: ukisikia yowe, unatoka. Hutoki baada ya kula, hutoki baada ya kuuliza kuna nini. Asiyetoka anaulizwa kesho yake mbele ya wenzake, na majibu huwa ya aibu. Filimbi ikapigwa, ikapokewa mtaa wa juu, na kabla adhana ya magharibi haijaisha kulikuwa na wanaume wenye marungu, tochi na karabai moja iliyokopwa kwenye kilabu.

Sasa kuna jambo lililojulikana baadaye tu, na kwangu ndilo kubwa kuliko yote. Babu alikuwa amepanda mawe tangu mchana kukata matawi ya mbuzi. Jiwe alilolikanyaga likacheza, mguu ukaingia kwenye mwanya hadi gotini, na mfupa ukavunjika. Alikuwa mtu wa porini. Hakupoteza sauti yake kwa kupiga kelele. Alishika panga akaanza kugonga jiwe kwa ubapa: mara tatu, anapumzika, mara tatu, anapumzika. Aligonga tangu saa tisa, na sauti hiyo ilishuka hadi mtaani, na sisi sote tuliisikia.

Tuliisikia tusiisikie. Chini ya mawe yale palikuwa na akina mama wa kokoto. Hadi leo utawaona Mwanza, wamekaa juu ya vigunia chini ya kipande cha turubai, nyundo mkononi, wanavunja mawe yawe kokoto za kuuza kwa debe. Mlio wa chuma juu ya jiwe ndio mlio wa mchana wetu. Mtu angeweza kugonga pale juu mpaka akafa, tukadhani kuna mama amepata oda ya zege.

Giza lilipoingia nyundo zilinyamaza. Wanaume walipofika kwenye njia panda za mawe, kamanda akawaambia wazime maneno, na katika kunyamaza huko ndipo zikasikika: tatu, kimya, tatu, kimya. Mtu mzima mmoja, aliyekuwa ufukweni siku ya MV Bukoba, alikaa chini akashindwa kuendelea. Wenzake walimwacha na karabai.

Bosi je? Inategemea unamuuliza nani. Kamanda aliapa kwamba mbwa alitangulia na kuchagua njia ya kushoto. Wengine walisema alikuwa nyuma, katikati ya miguu ya watu, akikanyagwa. Wanachokubaliana wote ni kwamba Babu aliposikia sauti na kuita, Bosi aliwapita wote juu ya mawe, na walipofika walimkuta amelala ubavuni mwa mzee, kidevu juu ya fumbatio lake, na Babu anamwambia ajiondoe anamwelemea.

Wakamteremsha kwa kitanda cha kamba hadi barabarani, pikapu iliyokuwa inatoka uwanja wa ndege ikampeleka hospitali ya Bugando. Alirudi akiwa na plasta nyeupe na gongo, akakaa juu ya jiwe lake kama kawaida, na kesi ikafunguliwa.

Ninasema kesi kwa sababu ilidumu miaka, ilikuwa na pande mbili, na hukumu haikutoka.

Mama Mapanki alidai mbwa alikuja kuita. Babu alisema mbwa alikuja kula.

“Angekuja kula, angekula akalala,” Mama alisema.

“Alikuja kula. Akakukuta wewe.”

“Mbona hakuja saa tisa, ulipovunjika?”

“Kwani wewe unakaanga saa tisa?”

Hapo watu walicheka, na Mama Mapanki akamtishia kumnyima shavu la samaki. Kinyozi wa mtaani, mtu wa swala tano asiyetaka mate ya mbwa yamguse kanzu, aliingia kati kwa upole. Alikumbusha kwamba hata yule mbwa wa Watu wa Pangoni anayetajwa katika Kurani alinyoosha miguu yake ya mbele kizingitini akakaa na watu wake. Hatukusimuliwa kwamba alikwenda kumwita mtu. Kukaa nako, alisema, ni kazi. Babu alimsikiliza kwa makini kuliko alivyokuwa akimsikiliza yeyote, kisha akasema huyo alikuwa mbwa wa pangoni, huyu ni wa mapanki.

Kadiri miaka ilivyosonga, Bosi wa Mama Mapanki alizidi ujuzi. Kwanza alikataa chakula. Halafu akalia kama mtoto. Kufikia mwaka niliomaliza sekondari alikuwa akimvuta Mama kanga kwa meno na kumwelekeza njia kwa kichwa. Babu, kwa upande wake, alizidi kumpunguza: ukimsikiliza yeye, mbwa alimkimbia mara tu jiwe lilipocheza. Lakini ukucha uliochanika na vumbi lile la kifuani niliviona, na mtu anayeyajua mawe yale anajua kwamba mbwa hapati hali hiyo kwa kukimbia. Anaipata kwa kuchimba penye mwamba. Nilipomwambia Babu hivyo, nikiwa tayari kijana wa kuaminika, alichukua ugoro, akapiga chafya, akasema pimbi wanapendeza kuchimbuliwa.

Nilikuja kukutana na kesi ile ile katika maandishi ya watu wa mbali kabisa. Mwaka 2006, huko Kanada, watafiti wawili, Krista Macpherson na William Roberts, waliwaambia watu wenye mbwa wajifanye wameanguka kwa ugonjwa wa moyo uwanjani, huku mtu mwingine amekaa jirani. Kwa wengine waliangusha kabati la vitabu, mwenye mbwa akajifanya amebanwa chini yake na kumwomba mbwa akalete msaada. Hakuna mbwa aliyekwenda kumwita yule mtu wa pembeni. Walimnusa bwana wao, wakazunguka, wengine wakapotelea kwenye mambo yao. Babu angekata nakala ya taarifa hiyo akaibandika kwenye kikaango.

Ila Mama Mapanki naye angepata wakili. Mwaka 2020, Joshua Van Bourg na Clive Wynne wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Arizona, Marekani, walitoa matokeo ya jaribio la mbwa 60. Safari hii mwenye mbwa aliingia ndani ya sanduku kubwa lenye mlango mwepesi, akalia kana kwamba amenaswa. Mbwa 20 walifungua. Unaweza kuona ni wachache, mpaka unaposoma kwamba chakula kilipowekwa ndani ya sanduku lile lile waliofungua walikuwa 19: wengi wa waliobaki, kumbe, hawakujua mlango unafunguliwaje. Na walipokuwa wakisikia kilio, mbwa walionyesha wasiwasi zaidi kuliko mtu alipokaa ndani akisoma gazeti kwa utulivu. Mbwa anataka kumfikia mtu wake. Kwenda kumtafuta mtu wa tatu, kumpa habari, kumrudisha mahali, hilo ni jambo jingine kabisa, na sijui kwa nini tunalidai kwa mbwa wakati mbinu yenyewe binadamu tumeitengenezea filimbi na faini ili itekelezwe.

Na habari ya Nairobi tuliisoma sote mwaka 2005: mbwa jike wa mitaani aliyemkuta mtoto mchanga ametupwa msituni ndani ya mfuko, akambeba, mashuhuda wakasema amempitisha barabara yenye magari na ua wa seng’enge, akamlaza pamoja na watoto wake. Wakampa jina Mkombozi, na mtoto hospitalini wakamwita Angel. Hakumwita mtu. Watoto wa jirani ndio waliosikia kilio wakafuatilia. Nilivyosoma habari hiyo nilimfikiria Mama Mapanki na uma wake umenyooshwa mbele ya mawe ya wale vijana, maana kuna nyumba nyingi ambako watoto wangesikia kilio katika banda la mbwa wakaambiwa warudi ndani, kuna kichaa.

Bosi alikufa kabla ya Babu, kwa uzee tu. Babu alimzika mwenyewe, akasema amefanya hivyo kwa sababu ya harufu. Hakupata mwingine. Jioni aliendelea kushuka, akala shavu, na kichwa akakirusha nyuma bila kugeuka, akagombewa na mbwa wa watu.

Pasiansi ya leo ina kuta. Tangu Ilemela iwe manispaa peke yake mwaka 2012 ardhi imepanda, nyumba za kupanga zimevunjwa, zimejengwa zenye geti na kengele, na mbwa wa sasa wanashinda bandani mchana na kufunguliwa usiku. Wamechanjwa, wana kadi, wana afya kuliko Bosi. Nikipita sioni mbwa ninayeweza kusema ni wa fulani. Akina mama wa kokoto bado wapo.

Hivi karibuni nilikuwa msibani pale pale mtaani, na chini ya turubai kijana mmoja alikuwa akiwasimulia wenzake habari za mbwa wa zamani wa Pasiansi, jamani shepadi wa chuo cha wanyamapori, aliyekuja mbio na kofia ya bwana wake mdomoni, akaiweka miguuni pa mama mmoja aliyekuwa akikaanga samaki, kisha akabweka mara tatu, akanyamaza. Mara tatu, akanyamaza. Nilimuuliza kama alimwona. Akasema hapana, alikuwa bado hajazaliwa, lakini mambo yalikuwa hivyo, na kama nina shaka niulize mtu yeyote.